Dawa za Miti na Maumivu ya Tumbo

Ukitaka kujua dawa ambazo watu wa nchi yetu ya Uganda wanazitegemea, usianze na duka la dawa. Anza na jikoni. Huko utakuta majivu ya maganda ya ndizi, kipande cha magadi ndani ya kopo, vitunguu saumu, na pengine gome kavu la mti lililochomekwa darini. Ukiuliza ni vya nini, utaambiwa, "Hivyo ni vya tumbo." Mwenye kiungulia hupewa hivyo, mwenye kuhara hupewa hivyo, na mwenye maumivu ya miaka mingi naye hupewa hivyo hivyo.

Neno hilo "vya tumbo" ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tumbo halina ugonjwa mmoja, wala dawa hizo hazina kazi moja. Ziko zinazopunguza ukali wa asidi, ziko zinazofunika jeraha, na ziko zinazoua vijidudu. Mtu asiyezitofautisha kazi hizo tatu aweza kutulia leo, na mwaka ujao akatapika damu. Basi nitazieleza moja moja, kwa faida yenu wenzangu wa mabwenini, na kwa faida ya wanafunzi wa zamani ambao sasa wana nyumba zao na huulizwa shauri na jamaa zao.

Asidi ya tumboni

Mwaka 1824 daktari mmoja Mwingereza, William Prout, alitangaza kwamba asidi iliyomo tumboni ni asidi ya haidrokloriki, ile ile tuionayo katika chupa za maabara yetu. Wengi hawakuamini mara moja, maana ni ajabu kwamba nyama laini ya mwili yaweza kutengeneza kitu kikali namna hiyo. Lakini ndivyo ilivyo. Mtu mzima hutoa maji ya tumboni kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili kila siku. Tumbo likiwa tupu, kipimo chake cha pH huwa karibu na 2, na wakati mwingine hushuka zaidi. Maji safi yana pH 7. Waliosoma kemia wanajua kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Kwa hiyo kati ya 7 na 2 ukali umeongezeka mara 100,000.

Asidi hiyo tumepewa kwa manufaa. Husaidia kuyeyusha nyama, maharagwe na vyakula vingine vya protini, na huua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na chakula. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu limefunikwa kwa ute mzito, na chini ya ute huo hutoka bikaboneti ambayo huivunja nguvu asidi kabla haijaifikia nyama. Ute ukipunguka au ukitobolewa, asidi huigusa nyama yenyewe, na hapo ndipo kinapoanza kidonda cha tumbo. Kiungulia ni jambo jingine: hapo asidi imepanda juu kwenye umio, ambako hakuna ute wa kutosha wa kujikinga.

Dawa zinazopunguza asidi

Muhula uliopita, kwa idhini ya mwalimu wetu wa kemia, watatu kati yetu tuliamua kuzipima dawa za jikoni. Tuliweka asidi hafifu ya haidrokloriki katika vikombe vitano, kiasi kile kile kila kikombe, pamoja na kipande cha litmasi ya buluu ambacho mara moja kiligeuka chekundu. Kisha tukatia dawa tone kwa tone, kila kikombe na dawa yake, tukingoja litmasi irudi buluu.

Kikombe cha kwanza kilitiwa maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya ndizi. Yalitoa povu, na baada ya muda mfupi litmasi ikarudi buluu. Kikombe cha pili kilitiwa maji ya magadi, nacho kikafanya hivyo hivyo. Katika cha tatu tulitia utomvu wa shubiri, katika cha nne maji ya kabichi mbichi, na katika cha tano maji ya gome la mti ambao Waganda huuita abasi. Tuliongeza mpaka vikombe vitatu hivyo vikakaribia kujaa, na litmasi ikabaki nyekundu. Utomvu wa shubiri peke yake, bila asidi yetu, uliigeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu kidogo, maana wenyewe una asidi hafifu.

Sababu yake ni rahisi. Majivu ya maganda ya ndizi yana kaboneti ya potasiamu kwa wingi, na magadi ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kaboneti ikikutana na asidi huzaliwa chumvi, maji na hewa ya kaboni, hewa hiyo ndiyo inayomfanya mgonjwa acheue na kusema, "Ah, sasa nimepona." Wazee wetu waliotia maji ya majivu katika maharagwe ili yalainike, na kuyanywa kidogo wakati wa kiungulia, walikuwa wakitumia alkali ya kweli, hata kama hawakuiita hivyo.

Lakini yafaa kujua mambo mawili. La kwanza, nafuu hiyo ni ya muda mfupi tu, kwa sababu tumbo huendelea kutoa asidi nyingine. La pili, majivu hayana kipimo. Kijiko cha leo chaweza kuwa kikali kuliko cha jana, na maji ya majivu yaliyo makali sana huunguza mdomo na umio kama vile asidi iunguzavyo. Potasiamu nyingi humdhuru mwenye ugonjwa wa figo, na yaweza kuusumbua moyo. Sodiamu nyingi haimfai mwenye shinikizo la damu.

Dawa zinazofunika na kusaidia jeraha kupona

Mtu akiona jaribio letu aweza kusema kwamba shubiri, kabichi na abasi ni uongo mtupu. Hapana. Jaribio lilituonyesha tu kwamba kazi yao, kama ipo, si ya kupunguza asidi.

Chukua bamia au mlenda. Ule utelezi wake hupita kooni na kufunika palipochubuka kwa muda, nao mgonjwa huona nafuu. Tena mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa California, Marekani, aliandika habari za wagonjwa 13 wa vidonda vya tumbo ambao aliwanywesha maji ya kabichi mbichi, karibu lita moja kwa siku, akaona vidonda vyao vinapona upesi. Habari hiyo ilienea sana. Upungufu wake ni kwamba hakukuwa na kundi jingine la wagonjwa wasionywa kabichi la kulinganishwa nao, na vidonda vingine hupona vyenyewe kwa muda. Kabichi haidhuru, lakini wagonjwa 13 hawatoshi kuwa ushahidi wa kumwachia mtu uhai wake.

Mzizi mtamu uitwao urukususi una habari ya kufundisha zaidi. Mwaka 1946 daktari Mholanzi, F. E. Revers, alieleza kwamba wagonjwa wake wa vidonda walipata nafuu kwa dawa iliyotengenezwa kwa mzizi huo. Lakini baadhi yao walivimba mwili. Baadaye ikajulikana kwamba urukususi hufanya mwili uzuie chumvi na maji na kupoteza potasiamu, na shinikizo la damu hupanda. Dawa iliyotengenezwa kutokana na mzizi huo ilitumiwa Uingereza tangu miaka ya 1960, lakini madhara hayo hayo yaliiandama mpaka dawa bora zikaichukulia nafasi. Tunaambiwa mara nyingi kwamba dawa ya mti haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Mmea wenye nguvu ya kumponya mtu una nguvu pia ya kumdhuru.

Kijidudu aishiye ndani ya asidi

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi, pilipili na asidi iliyozidi. Tena waliamini kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika asidi ile. Mwaka 1979 Robin Warren, daktari wa hospitali moja mjini Perth, Australia, aliona kwa hadubini vijidudu vilivyopindika juu ya nyama ya tumbo la mgonjwa. Akashirikiana na daktari kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuvikuza katika sahani za maabara. Mara nyingi walishindwa, kwa kuwa sahani zilitupwa baada ya siku mbili. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1982 sahani ziliachwa siku zaidi kwa sababu ya sikukuu, na waliporudi wakakuta vijidudu vimeota. Leo kijidudu hicho huitwa Helicobacter pylori.

Watu hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kikombe chenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na tumbo lake lilipochunguzwa lilionekana limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobeli.

Sasa angalieni werevu wa kijidudu hiki. Kina kimeng'enya ambacho huvunja yurea na kutoa amonia, na amonia ni alkali. Kwa hiyo kijidudu hujitengenezea chenyewe dawa ya kupunguza asidi pande zote kinapokaa, kisha hujichimbia ndani ya ute. Ukinywa maji ya majivu unapunguza asidi, lakini kijidudu hakiumii, maana hata chenyewe chafanya kazi hiyo hiyo. Maumivu hutulia, na mharibifu bado yumo ndani ya nyumba.

Wengi wana kijidudu hiki bila kuugua. Mara nyingi hukipata utotoni, kutoka kwa watu wa nyumbani mwao. Lakini wengine hupata vidonda, na wachache zaidi hupata saratani ya tumbo; ndiyo sababu mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wa mambo ya saratani walikiweka katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani. Sababu nyingine kubwa ya vidonda ni vidonge vya maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki vikimezwa kwa muda mrefu, jambo ambalo wachezaji wetu wa mpira wafaa kulikumbuka.

Mimea inayoua vijidudu

Je, iko mimea inayoweza kumwua adui huyu? Katika sahani ya maabara, ipo mingi. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kitu kiitwacho alisini, kilichotambuliwa mwaka 1944 huko Marekani, nacho huua bakteria wa namna nyingi. Hata Helicobacter pylori hushindwa kukua mbele ya kitunguu saumu katika sahani. Lakini mwaka 1999 madaktari wa Houston, Marekani, waliwapa watu 10 wenye kijidudu hicho vitunguu saumu vibichi pamoja na chakula. Kijidudu hakikupungua. Walipowapa dawa ya bismathi, kilipungua sana.

Kwa nini sahani na tumbo hazikubaliani? Katika sahani dawa hukaa pamoja na kijidudu usiku na mchana, wala haina pa kwenda. Tumboni dawa huchanganyika na chakula na asidi, hubadilika, husukumwa kwenda chini baada ya saa chache, na kijidudu kimejificha chini ya ute. Jambo hili lilionekana pia Japani. Mwaka 2009 watafiti walichapisha habari za watu 48 wenye kijidudu hicho. Baadhi yao walikula gramu 70 za machipukizi ya brokoli, ambayo ni ndugu wa kabichi, kila siku kwa majuma manane. Dalili za kijidudu zilipungua. Miezi miwili baada ya kuacha, zikarudi kama mwanzo. Mmea ulikidhoofisha kijidudu, haukukimaliza.

Sasa nirudi kwa abasi, mti wetu wenyewe, kwa maana jina lake la kisayansi ni Warburgia ugandensis. Wakikuyu wa Kenya huuita muthiga. Gome lake huwasha ulimi kama pilipili, na watu hulitafuna kwa kikohozi, meno na tumbo. Mwaka 1976 wanakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi na wenzao walitangaza kwamba katika miti ya jamii hii ya Afrika Mashariki wamepata vitu vikali vinavyowafanya viwavijeshi wakatae kula majani. Kimoja walikiita waburganali, kutokana na jina la mti. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vitu vya namna hii huzuia kuvu na baadhi ya bakteria. Kwa hiyo wazee hawakulichagua gome hili ovyo. Lakini kitu kinachomfukuza kiwavi na kuwasha ulimi si kitu cha kumeza kwa vikombe bila kipimo juu ya kidonda kilicho wazi.

Habari ya baba mdogo

Nasema haya kwa sababu yametupata nyumbani. Baba yangu mdogo aliumwa na tumbo kwa miaka sita, hasa usiku akiwa na njaa. Jaja yangu, ndiye bibi yangu mzaa baba, alimpa maji ya majivu, na yalipokosa nguvu akamchemshia abasi. Kila mara alitulia siku kadhaa, akarudi shambani. Alipoanza kupata choo cheusi kama lami hakumwambia mtu, akidhani ni rangi ya gome. Ilikuwa damu. Alianguka shambani wakati wa kupanda, akapelekwa hospitali, akatiwa damu ya watu wengine. Walipompima walimkuta na kijidudu kile. Alipewa dawa mbili za kuua bakteria pamoja na dawa ya kuzuia asidi, akazimeza siku 14 bila kuruka hata moja. Yu hai, na ana shamba lake la kahawa.

Likizoni Jaja aliniuliza, "Mjukuu wangu, dawa yangu ilimtuliza au haikumtuliza?"

Nikamjibu, "Ilimtuliza, Jaja."

"Basi ina kosa gani?"

Nikamwambia, "Haina kosa, Jaja. Ilimnyamazisha mlinzi aliyekuwa akipiga kelele, lakini mwizi hakutoka."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mbona hamkuniambia mapema kwamba mko wezi wawili namna hii? Nikijua ni mwizi gani, nitajua ni mlango gani wa kuufunga." Tangu siku hiyo, mtu akija kumwomba dawa ya tumbo, yeye kwanza humwuliza habari ya choo chake.

Shauri langu

Wenzangu, ninyi mliosoma msiende nyumbani kuwacheka wazee. Serikali yetu yenyewe ina taasisi ya kuchunguza dawa za asili huko Wandegeya, Kampala, iliyoanzishwa miaka ya 1960, na mwaka 2019 ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha na kuwasimamia waganga wa dawa za asili. Hivyo basi, kazi yetu ni kuuliza maswali matatu juu ya kila mmea. Unafanya kazi gani: kupunguza asidi, kufunika jeraha, au kuua kijidudu? Umejaribiwa wapi: katika sahani, au kwa watu? Na kipimo chake ni kipi?

Kiungulia cha siku moja baada ya karamu kitulizeni kwa dawa iliyopimwa, kiishe. Lakini maumivu yakizidi majuma mawili, au yakimwamsha mtu usiku, apimwe kijidudu. Siku hizi hupimwa kwa pumzi au kwa choo, bila kukatwa. Choo cheusi, matapishi yenye damu au yanayofanana na kahawa iliyosagwa, kukonda bila sababu, au chakula kukwama kooni, ni mambo ya kumpeleka mtu hospitali siku hiyo hiyo. Mgonjwa akifika huko amweleze daktari kila mti alioutumia, asifiche, kwa maana miti mingine hugombana na dawa za hospitali. Na dawa za kuua kijidudu zimezwe mpaka mwisho. Akiziacha katikati, vijidudu vilivyosalia huzoea dawa, na safari ya pili ni vigumu kuviua.

Nanyi mnaochuma abasi, chukueni gome upande mmoja tu na kwa kiasi. Mti ukimenywa kuuzunguka wote hufa, maana njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini imekatwa. Kule kusini mwa Afrika, ndugu yake mti huu, Warburgia salutaris, umekaribia kwisha katika sehemu nyingi kwa sababu hiyo. Watafiti wa huko wamekuta baadhi ya vitu vile vya gome katika majani pia, na majani yakichumwa kwa kiasi mti hauuawi. Kilabu chetu cha sayansi kimekwisha otesha miche kumi na miwili nyuma ya maabara, na wanafunzi wa zamani watakaokuja kututembelea tutawapa miche ya kupanda makwao.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Aliye na maumivu aseme mapema, naye aliye na mti ajue kazi yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita